Umbo la Grafiti katika Chuma cha Kusubu

Kiswahili kina jina la chombo kimoja ambalo si la kweli. Kalamu ya risasi haina risasi. Kitu cheusi kilichofungwa ndani ya kijiti chake ni grafiti, na grafiti ni kaboni, ndugu wa makaa na ndugu wa almasi; wala haimo ndani yake hata chembe moja ya madini yale mazito yatiwayo katika nyavu za wavuvi. Kosa hili si la Waswahili peke yao. Ulaya nayo ilidhani kwa muda mrefu kuwa kitu kile ni namna ya risasi, mpaka Carl Wilhelm Scheele, mkemia wa Sweden, alipoonyesha mwaka 1779 kuwa ni kaboni. Miaka 10 baadaye Abraham Gottlob Werner, mwalimu wa elimu ya madini katika Ujerumani, alikipa jina jipya kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kuandika. Jina la zamani likabaki vinywani mwa watu, kama majina ya zamani yanavyopenda kubaki, na hapana hasara iliyotokea kwa hilo. Mtoto wa shule huandika vizuri kwa kalamu yake, ajue au asijue kilichomo ndani.

Lakini grafiti hiyo hiyo hukaa mahali pengine pia, mahali ambapo kutojua hali yake kumeleta hasara, na mara nyingine mauti. Imo ndani ya chuma. Haimo katika kila chuma, bali katika kile kiyeyushwacho kikawa majimaji, kikamiminwa katika kalibu na kuachwa kigande. Miguu ya cherehani ya zamani ni chuma cha namna hiyo. Vivyo hivyo kitanda cha mashine ya kukerezea, silinda za injini nyingi, na mabomba makubwa ya maji yaliyozikwa chini ya miji ya kale. Mtu akiangusha cherehani kwenye sakafu ya saruji huona mguu wake umekatika kama kigae, hali upanga ukianguka hapo hapo hulia tu. Vyote viwili ni chuma. Tofauti yao imo ndani, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni habari ya umbo.

Lugha haikosi maneno ya kuanzia mazungumzo haya, ingawa mengine yamesahauliwa. Chuma ni jina la jamii nzima. Pua na feleji ni majina ya chuma kigumu kipokeacho makali. Kufua ni kazi ya nyundo na fuawe. Kusubu ni kumimina madini yaliyoyeyuka katika kalibu. Wahunzi wa Afrika Mashariki, mathalan wale wa Buhaya, walikuwa mabingwa wa kufua: tanuri yao ilitoa donge la chuma lililochanganyika na taka, nalo likafuliwa mpaka likatakasika. Hawakusubu chuma kwa desturi, na wahunzi wa Ulaya hawakusubu vile vile kwa karne nyingi. China ndiyo iliyotangulia. Huko chuma kilikuwa kikimiminwa katika kalibu tangu karne ya 5 kabla ya Kristo, na simba mkubwa wa chuma aliyesubiwa Cangzhou mwaka 953 yupo hata leo, ingawa amechakaa.

Siri ya kusubu ni kaboni. Chuma safi huyeyuka kwa joto la digrii 1,538, nalo ni joto gumu kupatikana kwa mkaa na mivuo. Lakini chuma kikila kaboni ya kutosha, tuseme ratili 4 na kidogo katika kila ratili 100, hubaki majimaji mpaka joto lishuke kufika kama digrii 1,150. Basi kaboni ni rafiki wa msubu: humpunguzia moto, hulainisha majimaji yapate kuingia katika kila pembe ya kalibu. Rafiki huyu, hata hivyo, haondoki kazi ikiisha. Chuma kiyeyukacho huweza kushika kaboni nyingi kama maji ya moto yashikavyo sukari. Chuma kigandacho hakiwezi. Kaboni lazima itoke, na itokapo lazima ikae mahali fulani kwa namna fulani.

Njia zake ni mbili. Kama chuma kinapoa polepole, na kama kina silikoni ya kutosha, yaani sehemu 1 mpaka 3 katika 100, kaboni hujitenga ikawa grafiti. Kama kinapoa upesi, au silikoni ni haba, kaboni haipati nafasi ya kujitenga. Hushikamana na chuma ikafanya kitu kigumu sana kiitwacho sementaiti. Chuma cha njia ya kwanza kikivunjwa, uso wa mvunjiko huwa wa kijivu, kwa sababu ufa ulifuata grafiti na kuiweka wazi. Cha njia ya pili huwa cheupe na chenye kumeta. Ndiyo maana ya majina chuma cha kijivu na chuma cheupe. Na majina haya ni ya kale kuliko elimu iliyoyafafanua, maana wasubu walikuwa wakimimina kabari ndogo pembeni ya kazi, wakaivunja kwa nyundo, wakatazama weupe umeingia kina gani kutoka kwenye ncha iliyopoa kwanza. Hawakuwa na hadubini, lakini walisoma. Chuma cheupe kinafaa kwa kusaga mawe na kwa kazi nyingine ya kulika, bali msumeno haukikati na pigo moja hukipasua.

Sasa inafaa kuitazama grafiti ya chuma cha kijivu kwa makini, maana hapo ndipo penye jambo. Wataalamu husema kuwa chuma hiki kina kama ratili 3 za kaboni katika kila 100, na msikilizaji hudhani ni kidogo. Lakini grafiti ni nyepesi kuliko chuma zaidi ya mara 3. Kwa hiyo ratili hizo 3, zikitoka zote kuwa grafiti, zingeshika karibu sehemu 1 katika kila 10 za ujazo wa chombo. Sehemu moja ya kumi ya nguzo, basi, yaweza kuwa kitu ambacho mtoto hukikwangua kwa karatasi! Hata hivyo wingi huo peke yake si msiba. Msiba, au neema, hutegemea grafiti imejipanga kwa umbo gani.

Katika chuma cha kijivu hujipanga kwa vipande vyembamba vilivyopindapinda, vyenye ncha kali. Kipande cha chuma kikisuguliwa mpaka kiwe kama kioo, kisha kikawekwa chini ya hadubini, vipande hivyo huonekana kama nyuzi nyeusi, au kama majani makavu yaliyotawanywa na upepo juu ya mchanga mweupe. Picha hiyo hudanganya kidogo. Uso uliokatwa huonyesha mkato tu. Chuma chenyewe kikiliwa kwa asidi mpaka grafiti ibaki peke yake, huonekana kuwa nyuzi zile zilizodhaniwa kuwa mbalimbali ni kingo za majani ya shina moja, yaliyokunjana kama majani ya kabichi. Kila shina lilianza katika kitovu chake wakati wa kuganda, likakua pande zote mpaka likakutana na jirani yake. Watu walitazama mkato miaka mingi kabla ya kufahamu umbo zima.

Kwa nini majani? Kwa sababu ya ujenzi wa grafiti yenyewe. Chembe zake za kaboni zimefungamana kwa nguvu sana katika tabaka zilizo bapa, lakini tabaka na tabaka zimeshikana kwa ulegevu, na ulegevu huo ndio uifanyao iteleze na iache alama kwenye karatasi. Katika chuma cha kawaida, ambamo hapakosi kiberiti na oksijeni kidogo, ni rahisi kwa tabaka kuongezeka upande wa kingo kuliko kupandana juu. Jani hurefuka haraka, wala halinenepi.

Jani kama hilo ndani ya chuma ni sawa na ufa uliokwisha kuwapo kabla ya mzigo kuja. Mwaka 1913 C. E. Inglis, mhandisi wa Cambridge, aliwatolea wajenzi wa meli hesabu ya jambo hili. Bamba lenye tundu la mviringo likivutwa, mvuto kwenye ukingo wa tundu huwa mara 3 ya ule wa mahali pengine. Tundu likiwa bapa, urefu wake mara 10 ya upana wake, nalo limekingama njia ya mvuto, basi kwenye ncha zake mvuto huwa mara 21. Inglis hakuwa akisema habari ya grafiti. Lakini kwa kuwa grafiti haina nguvu ya kusaidia, chuma cha kijivu ni kama bamba lililojaa matundu ya namna hiyo, maelfu kwa maelfu. Kikivutwa, hupasuka kabla ya kunyumbuka. Kikigandamizwa, mambo ni mengine kabisa: nyufa hufungwa na uzito wenyewe, na chuma huweza kubeba mara 3 au 4 ya mzigo uliokivunja kwa kuvutwa. Chuma kile kile, grafiti ile ile, bali upande wa nguvu umegeuka.

Daraja la chuma lililojengwa Coalbrookdale katika Uingereza mwaka 1779, juu ya mto Severn, lilijengwa na watu ambao hawakuijua hesabu hii. Abraham Darby wa tatu, mjukuu wa yule Darby aliyeyeyusha chuma kwa koki mwaka 1709, alisubu mbavu zake kubwa na kuziunga kama seremala aungavyo mbao, kwa ndimi na matundu. Lakini daraja lile ni tao, na tao hubeba kwa kugandamizwa. Limesimama mpaka leo. Yawezekana mazoea ya matao ya mawe yaliwaokoa. Watu waliojenga kwa mawe vizazi vingi walikuwa wamefundishwa na mawe yenyewe kutoyavuta.

Wajenzi waliofuata hawakuwa na bahati hiyo. Njia za reli zilipoenea, wengi walitumia mihimili mirefu iliyonyooka ya chuma cha kusubu, na mhimili ubebao mzigo katikati hugandamizwa juu na kuvutwa chini. Tarehe 24 Mei 1847 mhimili wa daraja la mto Dee, karibu na Chester, ulikatika chini ya gari la moshi, watu 5 wakafa. Daraja lilikuwa la Robert Stephenson, mmoja wa wahandisi wakuu wa zama zile. Baada ya hapo palikuwa na uchunguzi na maonyo. Hata hivyo chuma cha kusubu kiliendelea kutumika kwa kuwa kilikuwa rahisi na chenye sura ya nguvu.

Usiku wa Jumapili, tarehe 28 Desemba 1879, ulipita upepo wa dhoruba katika Scotland. Daraja la mto Tay, lenye urefu wa karibu maili 2, lilikuwa na umri wa miezi 19 tu tangu kufunguliwa, na mjenzi wake, Thomas Bouch, alikuwa amepewa cheo cha heshima na malkia kwa kazi ile. Gari la moshi liliingia darajani likielekea Dundee. Sehemu ya katikati, iliyokuwa juu kuliko nyingine, ilianguka yote mtoni na gari ndani yake, na hapana mtu hata mmoja aliyeokoka. Wakati ule walihesabiwa kuwa 75. Hesabu ya baadaye, iliyofuata vyeti vya vifo, ilipata 59.

Baraza la uchunguzi lilikaa mwaka 1880. Ilionekana kuwa nguzo za daraja zilikuwa za chuma cha kusubu, nazo zimeungwa pamoja kwa fito za kukingama, na fito hizo zimeshikwa kwa masikio yaliyosubiwa pamoja na nguzo. Upepo ulipopiga ubavuni, fito zilivuta masikio. Masikio hayo, yalipojaribiwa katika mashine ya David Kirkaldy huko London, yalikatika kwa mzigo mdogo kuliko uliotarajiwa. Matundu ya misumari ya parafujo yalikuwa yamesubiwa badala ya kutobolewa, kwa hiyo hayakuwa sawa, upande mmoja mpana na upande mmoja mwembamba, na msumari uliegemea ukingo mmoja tu. Baraza liliambiwa pia habari ya mashimo yaliyotokea katika nguzo wakati wa kusubu, yakajazwa mchanganyiko wa nta, ulimbo, unga wa chuma na masizi, kisha yakapakwa rangi. Baraza lilitoa hukumu kuwa daraja lilisanifiwa vibaya, lilijengwa vibaya na lilitunzwa vibaya. Bouch alikufa kabla ya mwaka huo kwisha.

Itakuwa dhuluma kuutupa mzigo wote wa usiku ule juu ya grafiti. Nguvu ya upepo haikuhesabiwa ipasavyo, na mtu ajazaye shimo kwa nta na kulipaka rangi anajua alitendalo. Lakini kiini cha jambo kimebaki pale pale: chuma chenye majani ndani yake kilipewa kazi ya kuvutwa. Msiba huo uliharakisha kuondoka kwake katika madaraja makubwa. Daraja jipya la Tay lilifunguliwa mwaka 1887 bila kurudia nguzo zile, na lile la Forth, lililofunguliwa mwaka 1890, lilijengwa kwa feleji.

Jambo la kusikitisha ni kwamba njia ya kulitazama umbo lile ilikuwa imekwisha patikana. Henry Clifton Sorby, mtu wa Sheffield mwenye mali ya urithi na asiyehitaji mshahara, alikuwa amezoea kukata mawe mpaka yapitishe mwanga na kuyatazama kwa hadubini. Mwaka 1863 aligeukia chuma. Alikisugua, akakiosha kwa asidi hafifu ili sehemu mbalimbali zijitenge kwa rangi, akatazama. Na mwaka 1864 aliwaonyesha wataalamu picha zake. Hawakushughulika naye. Kwa muda wa karibu miaka 20 kazi ile ililala, mpaka Adolf Martens katika Ujerumani na Floris Osmond katika Ufaransa walipoifuata njia hiyo hiyo, na Sorby mwenyewe akairudia kwa hadubini yenye nguvu zaidi. Ndipo alipoona kuwa ile sehemu iliyometa kama ganda la chaza ilikuwa tabaka nyembamba za chuma laini na sementaiti zilizopandana, moja juu ya nyingine. Leo huitwa pealaiti, kwa jina la lulu. Chuma laini chenyewe huitwa feraiti. Pealaiti na feraiti ndizo nyama ya chuma cha kusubu, na grafiti imetawanywa ndani yake. Nyama ikiwa pealaiti chombo huwa kigumu na chenye kuvumilia kulika. Ikiwa feraiti huwa laini. Lakini nyama nzuri namna gani haisaidii sana ikiwa imekatwakatwa na majani.

Kabla ya hadubini watu walikwisha tafuta njia ya kuyaepuka majani hayo, bila kuyaona. Wachina wa zamani za dola zilizopigana walisubu jembe na shoka kwa chuma cheupe, kisha wakazipasha moto muda mrefu mpaka zikaacha kuvunjika ovyo. Katika Ufaransa Réaumur, yule mtaalamu wa wadudu na wa vipimajoto, aliandika mwaka 1722 kitabu chenye kueleza namna ya kukilainisha chuma cha kusubu kwa kukipasha moto kikiwa kimezungukwa na unga uitoao kaboni. Na Seth Boyden, fundi wa Newark katika Marekani, alipojaribu jambo kama hilo mwaka 1826, alipata chuma kilicholainika lakini chenye moyo mweusi. Kaboni haikutoka, ilikuwa imejikusanya. Sementaiti, ikikaa siku kadhaa katika joto la digrii 900 na zaidi, huvunjika ikaacha grafiti, na kwa kuwa chuma sasa si majimaji, grafiti haiwezi kukimbia ikawa majani. Hujikunja ikawa vifundo vyenye kingo za kukwaruza, mfano wa bisi. Mvuto unapita kando ya vifundo hivyo bila kukuta ncha kali. Vyombo vya magari ya kukokotwa, vitasa, viungo vya mabomba, vyote vilitengenezwa kwa chuma hicho kwa zaidi ya miaka 100. Kasoro yake ni gharama ya moto na muda, na tena haifai kwa vyombo vinene, kwa sababu kitu kinene hakipoi upesi hata kikawa cheupe moyoni.

Swali likabaki: je, grafiti yaweza kuzaliwa mviringo moja kwa moja katika kalibu?

Jibu lilipatikana mara mbili, pande mbili za bahari ya Atlantiki. Katika Marekani, wakati wa vita, kromi ilikuwa adimu. Keith Millis, kijana katika maabara ya kampuni ya nikeli huko Bayonne, New Jersey, alipewa kazi ya kutafuta kitu cha kushika nafasi yake katika chuma kigumu cha kuvumilia kulika. Mwaka 1943, katika kujaribu hiki na hiki, alitia magnesi. Alichotafuta ni ugumu. Alichopata ni grafiti iliyojiviringa kama punje za pilipili manga. Katika Uingereza Henton Morrogh, wa chama cha utafiti wa chuma cha kusubu, alipata viringo hivyo hivyo kwa kutia seri, madini ya jamii nyingine kabisa. Mwezi wa Mei 1948 Morrogh alisoma habari zake katika mkutano wa wasubu huko Philadelphia. Naye alipokwisha kusema, mtu wa kampuni ya nikeli alisimama katika mazungumzo na kutangaza kuwa wao wamepata vivyo hivyo kwa magnesi. Msomaji aweza kujiwazia ukumbi ule. Hataza ya Marekani ilitolewa tarehe 25 Oktoba 1949 kwa jina la Millis na wenzake wawili, na ni magnesi iliyoshika soko, kwa kuwa ilifaa kwa aina nyingi zaidi za chuma.

Kiasi chake ni kidogo hata kinachekesha: magnesi ibakiayo ndani ya chuma ni kama ratili 4 katika kila ratili 10,000. Kazi yake ni kukamata kiberiti na oksijeni, wale walioisaidia grafiti kurefuka. Wakiondolewa, kupandana juu hupata nafasi, na tabaka hujijenga kutoka kitovu kuelekea nje pande zote, kama kitunguu. Namna hasa ya kukua huko ingali inajadiliwa na wataalamu, nao wana nadharia zaidi ya moja. Matokeo hayana mjadala. Chuma cha kijivu huvutika chini ya sehemu 1 katika 100 kabla ya kukatika. Chuma cha viringo chenye nyama ya feraiti huweza kuvutika sehemu 18 katika 100. Fundi aweza kukisokota kama kamba. Chini ya hadubini kila kiringo mara nyingi huonekana kimezungukwa na duara jeupe la feraiti, na nje yake pealaiti ya kijivu, mfano wa jicho la ng'ombe; kaboni ya jirani imehamia kwenye kiringo, ikaacha chuma laini nyuma yake.

Magnesi ina tabia yake mbaya. Huchemka kwenye digrii kama 1,090, nacho chuma kimiminwacho kina digrii zaidi ya 1,400. Basi ikitiwa huripuka kwa mwanga mweupe wa kuumiza macho na moshi mwingi. Tena haikai. Tangu dakika ile inapotiwa huanza kupungua, na zikipita dakika 15 au zaidi kabla ya kumimina, grafiti huweza kurudi katika majani au katika umbo la katikati. Hapo ndipo ulipo mtego wa chuma hiki. Chombo cha kwanza kilichojazwa na chombo cha mwisho hutoka katika ndoo moja, hupakwa rangi moja, huwa na sura moja na uzito ule ule. Kimoja kitapinda na kingine kitapasuka. Mtu ashikaye usukani wa lori, ambaye kiungo cha gurudumu lake kilisubiwa kwa chuma cha namna hiyo, hana njia ya kujua chake kilitoka mwanzo wa ndoo au mwisho.

Umbo la katikati lina hadithi yake. Grafiti iliyo nene na fupi, yenye ncha butu, kama vijifunza, kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa viringo vilivyoharibika, na vyombo vyenye grafiti hiyo vilitupwa. Baadaye ilionekana kuwa ina nguvu kuliko majani na hupitisha joto kuliko viringo, na tangu miaka ya mwisho ya karne ya 20 injini za dizeli zinasubiwa kwayo makusudi. Ni kazi ngumu zaidi kuliko ya viringo: magnesi ikizidi kidogo ni viringo, ikipungua kidogo ni majani.

Wala isidhaniwe kuwa majani yameshindwa na kufukuzwa. Kuna shauku ya kizazi hiki ya kuona kila kipya kuwa ni bora, nayo haifai hapa. Majani hukata mtikisiko. Kitanda cha mashine ya kukerezea kikitengenezwa kwa feleji hulia na kutetemeka, lakini cha chuma cha kijivu hunyamaza, na kazi hutoka laini. Majani hupitisha joto vizuri, na kwa hiyo visahani vya breki za magari mengi ni vya chuma cha kijivu hata sasa. Grafiti huulainishia msumeno na patasi njia, na katika silinda huteleza badala ya kukwaruza. Tanzania, ambayo ardhi yake ina grafiti nyingi katika Mahenge na Merelani, husikia zaidi siku hizi habari za betri. Lakini grafiti iliyomtumikia mwanadamu kwa wingi na kwa muda mrefu ni ile iliyojizaa yenyewe ndani ya chuma, isiyochimbwa na mtu.

Msubu mwangalifu hutofautisha maumbo haya kwanza kwa sikio. Hukitundika chombo na kukigonga kwa nyundo ndogo: cha viringo hulia kama kengele, cha majani hutoa sauti nzito iishayo upesi. Viwanda vikubwa hufanya jambo hilo hilo kwa mashine, vikipima kasi ya sauti ndani ya chuma, maana sauti hupita haraka zaidi penye viringo. Na kabla ya kalibu kufunguliwa, huchukuliwa kipande kidogo kilichomiminwa kutoka katika chuma cha mwisho cha ndoo, si cha kwanza, kikasuguliwa na kuwekwa chini ya hadubini. Chuma cha mwisho ndicho kilichongoja kuliko vyote. Mtazamaji huhesabu viringo na kutafuta majani. Akiyaona, vyombo vyote vya ndoo ile huwekwa kando, vikapimwa kimoja kimoja au vikarudishwa katika tanuri.